Mpina: kutoka rula ya samaki mpaka fomu ya urais

KULWA: Haya karibuni tena, leo tunamwongelea Luhaga Mpina, aliyekuwa mbunge wa Kisesa na waziri wa uvuvi, na mi nasema mapema kabisa, huyu jamaa ukitaka kumwelewa anzia kwenye samaki, hayo ya sukari na urais yamekuja baadae.

ZAI: Ila kaka Kulwa, Kisesa kule Meatu kuna samaki gani? Kule si ng'ombe na pamba tu!

KULWA: Ndo hapo sasa. Aliingia ubunge 2005, akapita unaibu waziri wa mazingira, alafu Oktoba 2017 Magufuli akampa Mifugo na Uvuvi. Na ujue Magufuli mwenyewe alishaikalia hiyo wizara kabla hajawa rais, 2009 ikakamatwa meli ya Tawariq 1 imejaa majodari, mtaani wakaita samaki wa Magufuli.

ZAI: Na 2014 serikali ikabwagwa Mahakama ya Rufani kwenye kesi ya hiyo meli.

KULWA: Ikabwagwa kweli. Sasa Mpina anaingia, inakuja Operesheni Sangara 2018, yani Ziwa Victoria lilichafuka, makokoro yanachomwa, nyavu za macho madogo zinachomwa, faini kila kona. Na sheria ya sangara wakati ule ilikuwa hivi, chini ya sentimita 50 usimguse, na akizidi 85 pia usimguse.

ZAI: Huyo wa chini naelewa, mkubwa kwa nini?

KULWA: Jike kubwa ndo lenye mayai mengi, ukilivua hilo umevua na watoto wake wote.

ZAI: Sawa, ila mvuvi katega nyavu jioni, asubuhi anavuta anakuta sangara wa sentimita 90 ameshakufa. Amfanyeje? Amtupe aoze, au aje nae mwaloni akamatwe?

KULWA: Hapo sina jibu dada, na ndo wavuvi walipokuwa wanalia. Mi naona operesheni ilihitajika, ziwa lilikuwa linaisha, lakini rula haijui usiku.

ZAI: Hahaha, si ndo wakaenda nayo mpaka bungeni!

KULWA: Juni 2018, Dodoma, maofisa wa wizara wanaingia kantini ya Bunge wanapima samaki wa wabunge! Wakakuta hawajafikia kipimo, kantini ikalimwa faini ya shilingi 300,000. Wabunge walichachamaa balaa.

ZAI: Mimi hapo nilimpenda kidogo, maana kama unampima mama mwenye beseni sokoni Kirumba, Mwanza, na mheshimiwa apimwe. Ila vile vifaranga vya kuku 6,400 vya Kenya vilivyochomwa mpakani Namanga 2017, hapana, hapo sikumwelewa mpaka leo.

KULWA: Ndo Mpina huyo huyo, kwake imeandikwa basi imeandikwa. Mwisho wa 2020 baraza jipya linatangazwa hayumo, akarudi kiti cha nyuma, na hapo ndo akawa moto zaidi. Juni 2024 akamshika Hussein Bashe, waziri wa kilimo wakati huo, kwenye vibali vya sukari, anasema waziri amelidanganya Bunge.

ZAI: Na akatimuliwa yeye bungeni, vikao 15.

KULWA: Na kwa kosa gani? Ushahidi aliopeleka kwa Spika akauongelea na kwa waandishi wa habari kabla haujafanyiwa kazi. Utaratibu! Yule mzee wa taratibu kakamatwa na utaratibu.

ZAI: Subiri, 2025 ndo noma zaidi. CCM hawajarudisha jina lake kugombea ubunge Kisesa, Agosti anaingia chama cha upinzani ACT-Wazalendo, siku hiyo hiyo au kesho yake ni mgombea urais. Msajili wa vyama akasema uteuzi ni batili kwa kanuni za chama chenyewe, maana alijiunga amechelewa.

KULWA: Mahakama Kuu ikamrudisha Septemba 11, tarehe 13 tume ya uchaguzi ikapokea fomu, tarehe 15 wakamwengua tena kwa pingamizi la Mwanasheria Mkuu. Sasa hapo mi siongelei tena kama anapendwa au hapendwi, mtu mahakama imeshasema apokelewe, siku mbili tu baada ya fomu kupokelewa tayari yuko nje.

ZAI: Ungempa kura lakini?

KULWA: Kwenye karatasi ipi dada Zai? Ngoja tusome meseji za wasikilizaji, kuna mmoja kutoka Ukerewe ameandika ndefu kweli kuhusu dagaa.