Namna ya kumfinyanga popoisi bila kumgeuza pomboo

Haya, karibuni jamani. Leo tunamfinyanga popoisi, mnyama wa majini anayefanana na pomboo. Wengi mkimwona mtasema huyo ni pomboo, na si kosa lenu, Kiswahili kimezoea kuwaita wote jina hilohilo. Ila hizi ni koo mbili, na tofauti zake utazishika vizuri ukiwa na donge mkononi.

Udongo wa mfinyanzi, maji kidogo, kisu, uma, kijiti. Kanda mpaka hewa itoke. Hilo mnalijua, twende.

Kipimo changu: sentimita 1 ya udongo ni sentimita 10 za mnyama. Popoisi wa bahari za kaskazini huwa na mita 1.5 hivi, kwa hiyo huyu wangu ni sentimita 15. Huyu mkubwa pembeni ni pomboo pua-chupa, nilimfinyanga wiki iliyopita, sentimita 30, maana hao hufika mita 3 na hata kuzidi. Waone wakiwa pamoja. Popoisi ni mfupi, mnene, kifua kimejaa, halafu anachongoka kuelekea mkiani. Usimwonee haya, mnenepeshe! Anaishi kwenye maji ya baridi na mwili wake mdogo hupoteza joto haraka, ndiyo maana hula karibu muda wote, usiku na mchana.

Sasa uso. Mkono utataka kuvuta mdomo mbele. Uzuie. Ukibana hapa kidogo tu, umeshapata pomboo. Kichwa cha popoisi kinaishia butu. Chora mstari mfupi wa mdomo, toboa macho, na tundu moja la kupumulia juu ya kichwa. Meno hayataonekana, lakini nimeyatengeneza pembeni muyaone: la pomboo lina ncha kama msumari, la popoisi ni bapa kama beleshi dogo. Na sauti pia ni tofauti. Pomboo wengi hupiga miluzi. Popoisi hapigi mluzi, yeye hutoa milio mifupi ya kilohezi kama 130 (kilohezi ni kipimo cha wembamba wa sauti), na sikio la binadamu huishia kama 20.

Lakini mdomo peke yake usiutegemee. Nyangumi muuaji naye ni wa ukoo wa pomboo, mkubwa kuliko wote, na kichwa chake ni butu vilevile. Kwa hiyo tazama na pezi.

Pezi la mgongoni. Hapa naomba mtulie. La pomboo limepinda kurudi nyuma kama mundu. La popoisi ni pembetatu, fupi, pana chini. Likate, kisha LIACHE likauke nusu kabla ya kulipandika. Narudia: lisipandikwe likiwa bichi. Niliwahi kufinyanga popoisi sita kwa ajili ya watoto waliokuja kujifunza tofauti hizi, nikapandika mapezi mabichi, nikalala. Asubuhi yote sita yameinamia mkiani, yamepinda. Mezani nina pomboo sita wafupi, na watoto wako mlangoni. Iliniuma sana.

Kwaruza mgongo kwa uma, kwaruza chini ya pezi, paka uji wa udongo, bandika, bonyeza...

Ngoja. Ngoja, mmeona? Linaanza kuinama. Hili nililitoa mapema, bado ni bichi. Kamera isizimwe, acheni muone. Nalibandua, nalikausha, nalisubiri. Mkifika hapa msione uvivu kusubiri.

Sawa, hili sasa ni gumu kama jibini. Bandika, halafu egemeza kitambaa kilichokunjwa upande wa nyuma. Upande wa nyuma, kwani huko ndiko linakoangukia. Kuna popoisi wa Asia wasio na pezi la mgongoni kabisa, hata mto Yangtze wa China wanao. Ni wazuri, lakini msiwakimbilie kwa kuogopa pezi.

Mapezi mawili ya ubavuni, madogo. Mkia ulale bapa, si wima kama wa samaki. Kata tumbo chini, komba udongo wa ndani, la sivyo atapasuka. Mfunike kwa kitambaa akauke polepole, siku kadhaa.

Rangi. Mgongo kijivu kizito, tumbo jeupe, basi. Mimi huyu nampaka awe vakita, popoisi mdogo kuliko wote, anayeishi kaskazini mwa Ghuba ya California, Meksiko, wala hapatikani pengine popote duniani. Nyavu za jarife zinazotegewa samaki wa totoaba zimewanasa na kuwazamisha mpaka wamebaki wapatao 10. Ana duara jeusi kuzunguka jicho na weusi midomoni, uso ambao ukishauona hutaufananisha na wa pomboo yeyote. Brashi nyembamba, mkono utulie. Jicho la kushoto kwanza.