Msalaba wa Shaba na Jina la Lubumbashi

Wamama, wababa, vijana, karibuni. Mnaonijua mnajua nitaanzia wapi: msalaba wa shaba. Uko kwenye vidani, kwenye vibao, kwenye fulana, popote mji wetu wa Lubumbashi, hapa Katanga, kusini mwa Kongo, unapojitambulisha. Mgeni akiuliza ni kitu gani, muuzaji humjibu, "Ni ukumbusho wa Katanga." Jibu hilo linaniuma kila ninapolisikia.

Hebu tuutazame. Mikono minne minene. Upande mmoja umefuata umbo la kalibu, mwingine una makunyanzi kwa sababu ulipoa hewani. Kabla haujamiminwa, watu walikusanya malakiti, jiwe la kijani lenye shaba, wakati wa kiangazi, wakajenga tanuru kwa udongo wa kichuguu, wakachoma makaa, wakavukuta mpaka jiwe hilo likatoa shaba nyekundu. Mabwana wa tanuru walikuwa na elimu yao na miiko yao. Kule Sanga, katika bonde la Upemba, uchimbaji wa mambo ya kale ulioanza 1957 uliikuta misalaba hii makaburini: mikubwa kifuani mwa marehemu, na katika makaburi ya baadaye midogo, yenye vipimo vinavyokaribiana. Ilikuwa imekuwa fedha! Watu walilipia mahari kwayo. Huu mji ulianzishwa 1910. Hao mafundi walikuwa wamefanya kazi kwa karne nyingi.

Sasa sisi tunajitangaza vipi? "Mji mkuu wa shaba." Anayesikia hivyo anawaza malori na madini yanayoondoka. Hawazi fundi. Wakati hapa hapa kuna vijana wanaogonga picha kwenye bamba la shaba, nyundo kwa nyundo, na hakuna anayewataja.

Najua kuna atakayesema: msalaba huo ni siasa, ni bendera ya 1960, Katanga ilipojitenga na Kongo kwa miaka mitatu. Ndiyo, bendera ya Katanga ilikuwa nayo mitatu. Lakini waliozikwa nao Sanga hawakujua habari ya kujitenga. Tusikubali miaka hiyo mitatu ifunike karne zote hizo. Mwingine atasema tutengeneze barabara kwanza. Barabara zije, nazitaka kama wewe, ila kikaratasi hakisubiri lami. Ninachoomba ni kikaratasi: kila msalaba unaouzwa uwe na jina la aliyeutengeneza na mistari michache, kwa Kiswahili na Kifaransa, kueleza ulikuwa unafanya kazi gani.

Nilitaka kusema mengi juu ya Mazembe, klabu yetu ya soka, mabingwa wa Afrika 2009 na 2010, kisha fainali ya Kombe la Dunia la Vilabu, klabu ya kwanza ya Afrika kufika pale. Jina la mji lilisikika bila tangazo lolote. Na wachoraji wetu, na bomba la moshi la Gécamines, kampuni ya serikali ya madini, ambalo kila mtu analipiga picha. Muda umekwisha. Mama uliye pale mbele, umeinua mkono tangu nilipotaja bendera, anza wewe.