Sanamu Kubwa ya Mataruma ya Jahazi, Hatua kwa Hatua

Assalaam aleikum watazamaji, karibuni Matondoni, kisiwani Lamu, kwa mafundi wa vyombo. Leo tunasimamisha sanamu inayopita urefu wa mtu mara mbili, kwa mataruma ya jahazi lililokwisha kazi, zile mbavu za ndani zinazoshika mbao.

Chombo hata kikilala ufukweni miaka, kina mwenyewe. Muulizeni, mkubaliane bei, ndipo mguse.

Sasa tazameni hapa. Fundi alitafuta mti uliojipinda wenyewe, kwa hiyo nyuzi zimefuata mkunjo, na taruma limeoza nje ilhali moyo wake bado mgumu. Gongeni kwa nyundo polepole, ncha hadi ncha. Penye uzima panalia. Penye ubovu sauti inazama. Hapo chomeni bisibisi, mpime kina, mtie chaki. Ubovu mwingi umeizunguka misumari: chumvi imekula chuma, kutu imelainisha mti. Weusi huo wa kutu msiukwangue! Wengi huchonga mpaka mti uwe safi, na mimi naona hapo ndipo kazi inapokufa. Ng'oeni tu misumari iliyo njiani mwa msumeno, na mvae miwani.

Osheni chumvi kwa maji matamu, mwanike kivulini ili mti usipasuke.

Kuunga ndiko kwenye kazi. Chongeni kwa tezo taruma jipya la mbambakofi lenye mkunjo uleule, mlilaze ubavuni mwa lile kongwe. Jipya ndilo libebe uzito wote. Toboeni kwanza kwa keekee, kisha mfunge kwa bolti zisizoshika kutu.

Mwaka 1978 msanii wa Uingereza, David Nash, aliliachia gogo kubwa la mwaloni kwenye kijito huko Wales, maji yakawa yanalisukuma miaka mingi. Naiheshimu sana kazi ile. Lakini huku kwetu chombo hutengenezwa: ubao mbovu hutoka, mpya huingia, safari ikaendelea. Nataka vyote viwili, kuacha na kutengeneza, vionekane bega kwa bega.

Kusimamisha: msifukie mti mchangani, mchwa watauanzia chini. Wekeni viatu vya chuma ndani ya zege, mfunge miguu ya mataruma mapya humo. Mafuta yapakeni kwenye mataruma mapya tu.

Masika yakiisha, kazeni bolti. Kipande kikongwe kikianguka, kiacheni palepale chini.