Mwalimu, hawanichezeshi

Mwenyekiti wa kamati ya shule, mwalimu mkuu, walimu wenzangu, wazazi na walezi, habari za asubuhi.

Nimefundisha shule ya msingi miaka 27. Mngeniuliza ni mashtaka gani nimeletewa mara nyingi kuliko yote, nisingetaja wizi wa kalamu wala ngumi. Ni haya: "Mwalimu, hawanichezeshi." Mtoto anakuja saa ya mapumziko, anajibanza kwenye fremu ya mlango wa ofisi, macho chini. Na kwa miaka mingi nilimjibu kama wengi wetu tunavyojibu: "Nenda kacheze na wengine." Wengine wapi? Angekuwa nao asingekuja kwangu.

Nimekuja kusema jambo moja tu. Kupendwa na darasa ni kitu kimoja, kuwa na rafiki ni kitu kingine. Sisi wakubwa tunahangaika na lile la kwanza, ambalo hatuliwezi, tunaliacha la pili, ambalo liko mikononi mwetu.

Mwaka 2014 nilikuwa na darasa la nne lenye watoto 96. Kiwango cha serikali ni watoto 45 kwa mwalimu mmoja, na hiyo ni kabla elimu bila ada haijaanza Januari 2016, kwa hiyo walimu mlioko hapa mnajua baadaye ikawaje. Siku hiyo niliwagawia vikaratasi, nikawaambia kila mmoja aandike majina matatu ya wenzake ambao angependa kukaa nao dawati moja. Kimya kimya, asimwoneshe mtu. Usiku nikatandaza kadi ya manila mezani, nikachora duara kwa kila mtoto, na mshale kutoka kwa aliyeandika kwenda kwa aliyeandikwa.

Njia hii si yangu. Ni ya daktari mmoja, Jacob Moreno, mzaliwa wa Bucharest aliyehamia Marekani. Mwaka 1932, katika shule ya bweni ya kurekebisha tabia za wasichana huko Hudson, jimbo la New York, wasichana 14 walitoroka ndani ya wiki mbili. Ungedhani kila mmoja alikuwa na sababu yake. Moreno na msaidizi wake Helen Jennings walichora nani amemchagua nani, na mchoro ukaonesha kuwa kutoroka kulipita kwenye nyuzi za urafiki, kutoka msichana mmoja hadi mwingine. Walezi waliokuwa wakilala nao jengo moja hawakuziona nyuzi hizo. Nami, niliyekuwa nikijivunia kulijua darasa langu, sikuwa nimeziona za kwangu.

Kwenye manila yangu kulikuwa na duara lililojaa mishale kama nungunungu. Huyo nilimtarajia. Lakini kulikuwa na maduara mawili yasiyo na mshale hata mmoja unaoingia. La kwanza lilikuwa la mvulana mpole ambaye, nasema kwa uchungu, ilibidi nifikiri kidogo kukumbuka sura yake. La pili lilikuwa la msichana aliyehamia kwetu kutoka kanda ya ziwa.

Watoto hawa wawili wanafanana kwenye mchoro tu. Mwaka 1982 watafiti wa Marekani, John Coie na Kenneth Dodge pamoja na mwenzao Heidi Coppotelli, waliwauliza watoto maswali mawili: unampenda nani zaidi, na nani humpendi. Wakagundua kuwa kati ya wasiochaguliwa kuna makundi mawili tofauti. Kuna asiyeonekana, ambaye hatajwi kwa wema wala kwa ubaya. Na kuna anayekataliwa, ambaye wengi wanamtaja kuwa hawamtaki. Asiyeonekana mara nyingi akibadilishiwa darasa anapata wenzake. Anayekataliwa shida yake ni sugu zaidi. Katika utafiti uliofuata, wavulana waliokataliwa darasani waliwekwa na watoto wasiowafahamu kabisa, na baada ya muda mfupi wakakataliwa tena. Lile swali la pili mimi siliulizi kamwe. Sitaki mtoto wa miaka kumi ashike kalamu aandike jina la asiyemtaka, halafu atoke nalo kichwani hadi uwanjani. Asiyetakiwa utamjua kwa macho ukikaa nje dakika kumi.

Sasa huyu binti. Siku ya kwanza alisimama kusoma, akasema "narara" badala ya "nalala". Darasa zima likaangua kicheko. Kufikia mchana jina lake lilikuwa Narara, na kufikia Ijumaa hata watoto wa darasa la pili walikuwa wakimwita hivyo getini. Akaanza kujibu kwa kusukuma. Akaanza kuingilia rede kwa kudaka mpira na kukimbia nao. Wakawa na sababu mpya ya kutomtaka, na hii ilikuwa ya kweli.

Nilifanya kosa ambalo naomba msilirudie. Nilimsimamisha mbele ya darasa, nikamshika bega, nikasema: kuanzia leo nataka wote mcheze naye. Siku mbili walimchezesha kama wanaotumikia adhabu. Siku ya tatu wakahamishia rede nyuma ya vyoo, ambako mwalimu wa zamu hafiki. Urafiki hauletwi kwa amri ya paredi, na nilikuwa nimemtangaza rasmi kuwa mtoto wa kuhurumiwa.

Kilichosaidia kilikuwa kidogo sana. Nilimhamishia dawati la msichana mwingine, mkimya, aliyekuwa na mshale mmoja tu. Nikawapa kazi ya pamoja: kila asubuhi kabla ya kengele, kukusanya madaftari ya hesabu, kuyahesabu na kuyaleta ofisini. Sikusema lolote kuhusu urafiki. Wiki ya kwanza walikuja wakiwa mbalimbali, mmoja mbele na mwingine nyuma. Wiki ya pili niliwasikia wakibishana kama ni 94 au 95, wakacheka, wakayahesabu upya sakafuni. Kisha ikajulikana kuwa mgeni wetu ni hodari wa mdako. Anarusha kokoto juu, anachota nne chini na kuidaka ile ya juu kabla hujapepesa. Mwenzake akataka kufundishwa.

Siku moja mapumzikoni nikawaona chini ya mwembe na barafu ya ubuyu moja. Mmoja aling'ata kona ya mfuko, akanyonya, akampa mwenzake, naye akanyonya akarudisha. Hawakuwa wakizungumza. Wale waliozaliwa na kukulia hapa mnajua barafu ya ubuyu haigawiwi kwa mtu wa hivihivi.

Je, darasa likampenda? Hapana, si mwaka ule. Jina la Narara lilidumu hadi darasa la tano. Lakini aliacha kusukuma watu, na akaacha kuumwa tumbo kila Jumatatu.

Haya niliyaona kwa binti mmoja, ila hayakuishia kwangu. Mwaka 1993 Jeffrey Parker na Steven Asher walichapisha uchunguzi wa watoto zaidi ya 800 wa darasa la tatu hadi la tano huko Marekani. Watoto wengi wasiopendwa sana na darasa walikuwa na rafiki wa dhati, na wapo waliokubalika ambao hawakuwa naye. Kuwa na rafiki kulipunguza upweke kwa nafasi yake, mbali na kukubalika. Na mwaka 1999 utafiti wa Kanada ulionesha kuwa mtoto anayeonewa, akiwa na rafiki mmoja wa karibu anayempenda naye akampenda, uonevu haukui kama unavyokua kwa aliye peke yake. Mmoja anatosha kubadili hesabu.

Wazazi, sasa niwageukie ninyi, na mnisamehe nikisema kwa uwazi. Kuna kitu watoto hujifunza kwa kucheza tu: namna ya kuingia kwenye mchezo ulioanza. Watafiti Martha Putallaz na John Gottman, mwaka 1981, waliwatazama watoto wakijaribu kujiunga na wenzao wanaocheza. Wanaopendwa walisoma kwanza kinachoendelea, wakaingia kwa kukifuata. Wasiopendwa walijisema wao, wakabisha, wakauliza maswali ya kukatiza mchezo. Ndiyo kudaka mpira wa rede na kukimbia nao. Sasa mtoto wa geti kali, anayechukuliwa na gari la shule saa 11 alfajiri, akarudishwa saa 12 jioni, Jumamosi tuisheni, Jumapili ibada na runinga, ataujifunzia wapi ujuzi huu? Tumewaambia "usicheze na watoto wa mtaani", halafu tunashangaa hawajui kucheza na watoto wa shuleni. Najua kuna hatari nje, sizibezi. Fungua geti kwa mtoto mmoja basi, unayemjua mama yake, Jumamosi mchana, wachafue ua.

Na jioni, kabla ya kuuliza amekuwa wa ngapi, muulize: leo umecheza na nani? Akijibu "na wote" kwa haraka sana, usilipokee jibu hilo mara moja. Muulize jina.

Walimu wenzangu, mna mchoro wa kuchora na madawati ya kupanga, sina haja ya kuwafundisha. Ila nawaomba jambo la kipindi cha michezo. Acheni ule mtindo wa makapteni wawili kuchagua wachezaji mmoja mmoja. Yule anayebaki mwisho, amesimama peke yake mstarini huku pande mbili zikisukumiana "mchukueni nyie", anasimama hapo kila wiki kwa miaka saba. Hesabuni moja, mbili, moja, mbili, mpira uanze.

Nakomea hapo ili tuzungumze. Naona kuna mama pale nyuma amenyoosha mkono tangu nilipotaja geti. Karibu mama, simama tukusikie.