Intaneti Ipo, Majina Ndiyo Hayapo

Hamjambo nyote. Nyie wa nyuma, sogeeni; maandishi ya ukutani ni madogo.

Nikiitwa ofisi yoyote hapa Nairobi kwamba "intaneti imekufa", naanza na ping 8.8.8.8, yaani naibishia hodi seva ya Google kwa anwani yake ya namba. Ikijibu, basi intaneti iko hai, tatizo ni majina, yaani mashine inashindwa kugeuza jina la seva kuwa anwani. Isipojibu, na mashine ni ya Linux, tazama ip addr uone kama mashine ina anwani, halafu ip route uone kama ina njia ya kutokea. (Kuna ofisi zinazofunga ping kusudi, kwa hiyo msikate shauri kwa hiyo peke yake.) Hayo mnayajua.

Kwenye majina ndipo mafundi wanapopotezeana siku nzima. Fundi anaandika dig, amri ya kuulizia anwani ya jina, pamoja na jina la seva, anapata anwani sahihi kabisa. Anajaribu kuingia kwenye seva hiyo kwa ssh, kwa jina lilelile, inagonga mwamba. Basi anailaumu ssh, maskini! Jamani, dig haisomi /etc/hosts, ile faili ya majina na anwani iliyo ndani ya mashine. Yenyewe huenda moja kwa moja kwa seva ya majina. Programu nyingi za Linux hupitia maktaba ya mfumo, na maktaba hufuata mstari wa hosts ndani ya /etc/nsswitch.conf. Mkikuta "files dns", /etc/hosts inasomwa kwanza, DNS (yaani seva za majina) baadaye. Sasa, kuna mtu aliandika humo anwani ya majaribio, akaacha kazi, seva ikahamishwa. Nani atakumbuka? Kwa hiyo ulizeni vile programu inavyouliza: getent hosts, kisha jina. Jibu likipishana na la dig, mkosaji yumo ndani ya mashine yenu, msimpigie simu mtoa huduma.

Kuna na ugonjwa wa kusuasua: kila kitu kinafunguka, lakini baada ya sekunde 5. Huo ndio muda wa kawaida ambao glibc, ile maktaba ya mfumo, huisubiri seva ya kwanza ya /etc/resolv.conf, faili yenye orodha ya seva za majina, kabla ya kujaribu ya pili. Ya kwanza imelala; iondoeni. Wala msijaze seva sita humo, zinasomwa 3 tu.

Mkiona 127.0.0.53 ndani ya /etc/resolv.conf msishtuke wala msifute. Hiyo ni systemd-resolved, huduma ya Linux ya kutafuta majina, inasikiliza humohumo kwenye mashine. Amri ya resolvectl status itawatajia seva halisi. Ukihariri faili hiyo kwa mkono, huenda kesho ukakuta kazi yako imefutwa. Badilisheni kwenye mipangilio ya muunganisho wenyewe.

Haya, nani amekuja na mashine iliyogoma?