Bangi na sonona: kipi humtangulia mwenzake?

Wazazi wangu, kaka na dada zangu, swali mnaloniuliza kila tunapokutana ni hili: kijana anavuta kwa kuwa ana sonona, au sonona imemwingia kwa kuwa anavuta? Yote mawili hutokea, na tafiti zenyewe zinavutana.

Mwaka 2019 watafiti wakiwemo wa vyuo vikuu vya McGill na Oxford walijumlisha tafiti 11 zenye watu zaidi ya 23,000. Waliovuta kabla ya miaka 18 walikuwa na uwezekano wa kupata sonona ukubwani uliozidi kwa takriban asilimia 37. Lakini Sweden, vijana zaidi ya 45,000 walioulizwa walipoandikishwa jeshini mwaka 1969 na 1970 walifuatiliwa miaka 35, na mazingira waliyokulia yalipozingatiwa, bangi haikuonekana kuongeza sonona.

Kwa hiyo nawasihi tumtazame huyu kijana aliye mbele yetu. Akivuta kila siku, vipokezi vya ubongo (sehemu za seli zinazopokea ujumbe wa kemikali) ambavyo bangi hufanyia kazi hupungua. Na vipokezi hivyo vina kazi kubwa katika hisia za mtu, furaha na huzuni: mwaka 2006 Ulaya iliruhusu dawa ya kupunguza uzito, rimonabant, iliyovizuia, na mwaka 2008 ikasimamishwa kwa sababu ya sonona na mawazo ya kujiua.

Sasa akiacha ghafla, ndani ya siku moja au mbili arosto, yaani mateso ya kukosa alichozoea, inaanza. Hasira za karibu, usingizi hauji, chakula hakipiti, moyo mzito. Wiki ya kwanza ndiyo kali. Anarudi kijiweni, anavuta msokoto mmoja, anatulia, anasema: "Mnaona? Hii ndiyo dawa yangu." Hadanganyi, jamani! Nafuu ameipata kweli, ila imemwondolea maumivu yaliyoletwa na misokoto ya jana na juzi. Mkimwita mwongo hapo, mmempoteza.

Mwambieni mapema kwamba hali hiyo itakuja na itapita. Vipokezi hukaribia kurudi kawaida baada ya kama wiki nne. Huzuni ikibaki baada ya hapo, huenda ni sonona yenyewe, pengine ilikuwepo kabla ya msokoto wa kwanza, nayo ina tiba: mazungumzo na mtaalamu, na dawa inapobidi. Ila anayetaja kufa hasubirishwi hizo wiki nne. Msimwache peke yake, na apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.