Muswada Walioukataa Hata Kuuchapa: Mary Robinson Ndani ya Seneti ya Ayalandi

Haya, nianze na aspirini. Tarehe 22 Mei 1971 kina mama wa Dublin walipanda treni kwenda Belfast, yaani wanavuka kuingia Ayalandi ya Kaskazini kwa Mwingereza, wakanunue kondomu na dawa za uzazi wa mpango, sababu kwao kuziuza au kuziingiza nchini ni jinai, sheria ya 1935 kifungu cha 17. Wamefika duka la dawa wanaomba vidonge, wanaambiwa bila cheti cha daktari hupati. Sasa watafanyaje? Wakanunua aspirini, mapaketi kwa mapaketi, maana walishapiga hesabu kwamba afisa forodha wa Dublin hajawahi kukiona kidonge chenyewe kinafananaje. Jioni wanashuka stesheni, waandishi wa habari wamejaa, wao wanazipunga tu hizo aspirini, na jamaa wa forodha kwa aibu wakawaachia wapite.

Mwanamke ninayetaka kumzungumzia leo hakuwemo kwenye ile treni. Treni ilipata picha na magazeti, yeye alikuwa na karatasi mkononi ndani ya Seneti, na karatasi yake haikusomwa.

Anaitwa Mary Robinson. Ndugu zetu wa Goma na Bukavu wanamfahamu jina, mwaka 2013 Ban Ki-moon alimteua mjumbe maalum wa Umoja wa Mataifa ukanda wa Maziwa Makuu. Wengine mnamjua kama Rais wa kwanza mwanamke wa Ayalandi. Lakini watu wanasahau kwamba kabla ya hayo yote alikaa seneta miaka 20, 1969 mpaka 1989, na mimi kwa maoni yangu hapo ndipo kazi yenyewe ilipofanyika, huko kwingine ni matunda.

Hebu kwanza niwaeleze hiyo Seneti maana wengi mtadhani ni kama ya Marekani. Wapi! Wenyewe wanaiita Seanad, ina watu 60. 43 wanapigiwa kura na madiwani na wabunge wenzao, 6 wanachaguliwa na watu waliohitimu vyuo vikuu, na 11 waliobaki waziri mkuu anawateua mwenyewe, kwa hiyo serikali karibu siku zote ina watu wake mle ndani wa kutosha. Na muswada ukitoka bunge la chini Seneti inaweza kuuchelewesha siku 90, basi, ule wa fedha ni siku 21 tu. Mwaka 2013 waliwauliza wananchi jamani tuifute hii kitu? Ikaponea chupuchupu, asilimia 51.7 wakasema ibaki. Wakenya mliopo hapa mnacheka najua kwa nini, yenu ilifutwa kweli 1966 mkaja kuirudisha na katiba ya 2010.

Sasa mtu mwenye akili zake anaenda kufanya nini sehemu kama hiyo? Anaenda kuongea. Na anachoongea kinaandikwa kwenye Hansadi, neno kwa neno, na kinabaki. Hilo shikeni, nitalirudia.

Mary alizaliwa Ballina, kaunti ya Mayo, 1944, baba daktari mama daktari, nyumba ya Kikatoliki kwelikweli. Alitaka kusoma Trinity College pale Dublin, chuo kilichohesabika cha Waprotestanti, na miaka ile Mkatoliki kusoma pale lazima kibali cha Askofu Mkuu wa Dublin, John Charles McQuaid. Kibali kikaombwa, kikapatikana. Jina la huyo askofu mliweke akiba. Akasoma sheria, akaenda Harvard, akarudi, na 1969 akiwa na miaka 25 akaingia Seneti kwa kiti cha Trinity, viti ambavyo miaka yote vilikaliwa na maprofesa wazee wazee.

Mwaka 1971 akaandika muswada wa kuondoa hilo katazo la 1935. Akapata wenzake wawili wa kutia saini, John Horgan na Trevor West, maana seneta peke yako hufiki popote. Muswada mfupi, wa kisheria, haukuwa na makelele yoyote. Na mjue hali ilikuwaje: vidonge vyenyewe vilikuwepo nchini! Daktari anakuandikia eti ni dawa ya kurekebisha siku zako, basi Ayalandi ikawa nchi ya wanawake ambao siku zao zimevurugika wote kwa pamoja, na padri anajua, na waziri anajua, kila mtu anajua na kila mtu kanyamaza. Mwenye hela na daktari muelewa anapona, wa kijijini anazaa mtoto wa tisa.

Kwao pale muswada kusomwa mara ya kwanza ni utaratibu tu, kama kubisha hodi, unaruhusiwa kuuleta, unachapwa, watu wanausoma, halafu ndio mnagombana mara ya pili. Karibu haitokei mtu akakataliwa hodi. Yeye alikataliwa. Wakavuta vuta wiki na wiki, hoja inawekwa kwenye ratiba inasogezwa, na ilipopigiwa kura Julai 1971 wengi wakasema hapana, usisomwe. Maana yake nini? Maana yake haukuchapwa. Mwananchi hawezi kuushika mkononi akaona kumbe hauna mapembe. Hawakutaka kushinda mjadala, hawakutaka uwepo, kwa sababu ukiwepo itabidi usimame useme kwa nini unapinga, na maneno yako yanaingia Hansadi, mjukuu wako atayasoma.

Na nje huko! Askofu Mkuu, yuleyule wa kibali, Machi mwaka huohuo aliandika waraka ukasomwa makanisani Dublin nzima kwamba sheria kama hiyo itakuwa laana juu ya nchi. Barua za matusi zikaja nyumbani kwa Mary, nyingi, mumewe Nicholas akawa anazichoma moto. Bibi harusi wa miezi michache huyu jamani, ameolewa Desemba 1970, tena wazazi wake hawakwenda harusini maana bwana harusi Mprotestanti.

Nisimpambe sana lakini. Mary wa miaka ile alikuwa mwanasheria mpaka kwenye mifupa, alidhani ukipanga hoja vizuri watu watakubali, na mtu wa sokoni hakumuelewa. Aligombea bunge la chini mara mbili kwa chama cha Labour, 1977 na 1981, mara zote mbili akaangushwa. Seneti ndiyo iliyomfaa, mahali pa mtu asiyejua kuomba kura mlangoni, na nadhani mwenyewe alikuwa analijua hilo.

Alichojua yeye ni milango miwili, Seneti na mahakama. Huku wamefunga anagonga kule. Mwaka 1975 alikuwa wakili kwenye kesi iliyofungua baraza la wazee wa mahakama, yaani raia wanaokaa mahakamani kuamua mtu ana hatia au hana, kwa wanawake. Mwaka 1979 alikuwa Strasbourg, kwenye Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, na kesi ya Josie Airey, mama aliyetaka kutengana kisheria na mumewe na hana hela ya wakili, wakashinda. Halafu anarudi Seneti Jumatano anasema mnaona, Ulaya imesema, sasa tutunge sheria. Huo ndio ulikuwa mtindo wake.

Hata kwenye uzazi wa mpango mahakama ndiyo iliyobomoa mlango, ingawa kesi hiyo haikuwa yake. Bibi McGee, ana watoto wanne, madaktari wamemwambia ukibeba mimba nyingine unaweza kufa, akaagiza dawa kutoka Uingereza, forodha wakaikamata posta. Desemba 1973 Mahakama ya Juu ikasema wanandoa wana faragha yao, serikali itoke chumbani. Baada ya hapo wasingeweza tena kujifanya hakuna mada. Mary alikuwa na muswada mwingine na safari hii ulichapwa, ukajadiliwa, ukaangushwa ndiyo, ila ukaangushwa kwa maneno, watu wakiwa wamesimama.

Serikali nayo ikaleta wa kwake. Nawaomba mpate picha hii, Julai 1974, kengele ya kura imelia bunge la chini, wabunge wanatoka kwenda kupiga kura, na waziri mkuu mwenyewe, Liam Cosgrave, ambaye hakuwaambia mawaziri wake chochote, anainuka kimyakimya anaelekea upande wa hapana. Muswada wa serikali yake! Ukafa 75 kwa 61. Mimi kila nikisoma hapo nacheka halafu nakasirika.

1979 wakapata sheria ya ajabu, kondomu kwa cheti cha daktari, waziri Charles Haughey akaiita suluhisho la Kiayalandi kwa tatizo la Kiayalandi. Yaani unaenda kwa daktari uandikiwe mpira kama unavyoandikiwa dawa ya malaria. 1985 cheti kikaondolewa kwa wenye miaka 18 na kuendelea, na Mary bado yupo Seneti, mwaka wa 16 huo. Mwaka huohuo akajitoa Labour kwa sababu ya mkataba wa Ayalandi na Uingereza kuhusu Kaskazini, aliona Waprotestanti wa kule hawakushirikishwa. Mkatoliki wa Mayo anawatetea hao, kwa hiyo mnaona hakuwa mtu wa kufuata kundi hata kundi likiwa lake.

1989 akasema inatosha, hakugombea tena. Mwaka uliofuata Labour walewale wakaja kumuomba agombee urais, akashinda, Desemba 1990 akaapishwa.

Vikwazo vya kuuza kondomu vilivyokuwa vimebaki viliondolewa na muswada wa 1993, na huo ukapita mabunge yote mawili. Kwa katiba yao muswada ukishapita unapelekwa kwa Rais, hauwi sheria mpaka utiwe saini. Na Rais wa 1993 mnamjua.

Haya, maswali. Mama pale nyuma mwenye kitenge cha kijani, nimekuona tangu nilipotaja aspirini.